Namba Isiyowaka Ndiyo Hufa Kwanza: Kuzitunza Taa za Nixie kwenye Saa Uliyojitengenezea

Saa yangu ya kwanza ya Nixie, yaani inayoonyesha namba kwa taa za kioo zenye gesi, niliiunda kwa taa sita aina ya IN-12, na kwa miaka miwili haikuzimika ila umeme ulipokatika. Nilidhani naitendea haki. Kisha nikabadilisha programu ili kila dakika ionyeshe tarehe kwa sekunde chache. Tarehe 30 ilipofika, taa ya kwanza kushoto, ile ya makumi ya saa, ikatakiwa kuonyesha 3. Ikawaka nusu. Tumbo la juu lilikuwa na rangi yake ya kaa la moto, la chini lilikuwa giza tupu. Namba 0, 1 na 2 za taa hiyohiyo, zilizofanya kazi usiku na mchana, ziling'aa kama siku ya kwanza. Iliyougua ni ile ambayo haikuwa imewaka hata mara moja.

Mwongozo huu umetokana na siku hiyo. Unamfaa aliyekwisha kuunda saa yake au aliye njiani kuiunda, na anayejua kushika mita na chuma cha kulehemia. Nazungumzia taa za gesi zenye mwanga wa chungwa tu. Zile zinazong'aa kijani cha samawati, kama IV-11 na IV-6, ni jamii nyingine. Zina uzi unaopashwa moto na unga unaong'aa, na maradhi yake si haya.

Kinachoendelea ndani ya kioo

Ndani ya taa ya Nixie mna vipande kumi vya metali nyembamba vilivyokatwa kwa umbo la 0 hadi 9, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine bila kugusana. Hizo ndizo katodi. Mbele yake kuna wavu mwembamba, ambao ni anodi. Kioo kimejazwa gesi ya neoni iliyochanganywa na argoni kidogo, na taa nyingi za miaka ya baadaye zimetiwa chembe ya zebaki. Hakuna uzi wa kuungua kama ule wa balbu ya zamani. Ukiweka volti zipatazo 170 kati ya anodi na namba mojawapo, gesi inashika na kuizungushia namba hiyo utando wa mwanga. Ikishashika, taa hujidumisha kwa volti kama 130 hadi 150.

Mwanga huo una gharama. Ioni za neoni huvutwa kwa kasi kuelekea katodi inayowaka na kuipiga, na kila pigo hung'oa chembe za metali. Chembe hizo huruka na kutua popote: kwenye kioo, ambacho polepole huwa cheusi, na kwenye namba jirani ambazo hazijawashwa. Zebaki ilitiwa ili kuyapunguza mapigo hayo, na ndiyo iliyozirefushia umri mara nyingi kuliko taa za mwanzo. Ukiona taa yako ina kivuli cha buluu kidogo pembeni mwa chungwa, usiogope, ni zebaki hiyo.

Jambo ninaloomba ulishike kabla hujasoma hatua yoyote ni hili: mapigo yale yale yanayoila namba ndiyo yanayoisafisha. Namba inayowaka hujikwangua yenyewe kila sekunde. Namba iliyolala hupokea uchafu wa jirani zake na utando wa kemikali juu ya metali yake, wala haina wa kuukwangua. Utando ukikomaa, mwanga haushiki tena pale ulipo. Mafundi huita hali hiyo sumu ya katodi. Kwa hiyo kazi yetu ina pande mbili zinazovutana: kuipunguzia kazi namba inayowaka sana, na kuitafutia kazi namba isiyowaka kabisa. Wengi hufanya la kwanza tu.

Inafaa pia kukumbuka kwamba taa hizi hazitoki kiwandani kama zamani. Kampuni ya Burroughs ya Marekani ndiyo iliyoziingiza sokoni mwaka 1955, zikajaa kwenye mita za maabara na mashine za hesabu za mezani, hadi miaka ya 1970 namba za LED zilipozifukuza. Umoja wa Kisovieti uliendelea kuzitengeneza kwa muda mrefu zaidi, na ndiyo maana taa nyingi tunazoagiza leo zina herufi ИН ubavuni, ambazo sisi tunaziandika IN. Ni akiba ya maghala ya zamani. Wapo wachache wanaotengeneza mpya kwa mkono, maarufu akiwa Dalibor Farny wa Jamhuri ya Cheki na taa yake R|Z568M, lakini bei yake si ya mtu anayejifunza.

Kabla hujagusa chochote

Volti 170 hadi 200 za mkondo mnyoofu zinaua. Hushika misuli na kuibana. Hatari kubwa ni kapasita ya saketi ya volti kubwa, kwani hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa adapta. Lehemu rizista ya 220k (ohm 220,000), nusu wati, moja kwa moja kwenye ncha mbili za kapasita hiyo, na uiache humo daima. Kapasita ya mikrofaradi 10 itaisha chaji ndani ya sekunde kumi na chache. Hata hivyo pima kwa mita kabla ya kutia kidole. Unapopima saketi ikiwa hai, bana nyaya za mita kwa vibanio kwanza, kisha washa umeme, soma, zima. Mkono wa pili uweke mfukoni.

Hatua ya kwanza: zikague taa kabla ya kuzipa nafasi

Taa zikifika, usizilehemu papo hapo. Tengeneza kibao kidogo cha majaribio chenye volti kubwa, rizista moja na waya mmoja wa kugusisha, kisha washa kila namba ya kila taa kwa dakika moja. Chumba kiwe na giza kidogo. Andika kwenye daftari: taa A, namba 7 inakosa mguu; taa B, zote nzima; taa C, 8 hafifu. Bandika kipande cha utepe chenye herufi kwenye kila taa.

Daftari hilo litakupangia nafasi. Saa ya mtindo wa saa 24 haizitumii namba zote sawa. Taa ya makumi ya saa huonyesha 0 kwa saa kumi kwa siku, 1 kwa saa kumi, na 2 kwa saa nne. Namba 3 hadi 9 hazina kazi. Taa za makumi ya dakika na makumi ya sekunde hutumia 0 hadi 5, kila moja saa nne kwa siku, na 6 hadi 9 zinalala. Taa za mamoja ya dakika na sekunde ndizo zenye bahati, maana namba zote kumi hupata saa mbili na dakika 24 kila moja. Basi taa C yenye 8 hafifu iweke kwenye makumi ya saa, ambako 8 haihitajiki. Taa nzima kabisa ziwe za mamoja. Nimeona watu wakitupa taa kwa ajili ya namba moja mbovu, ilhali ingewafaa miaka mingi kwenye nafasi yake.

Usiitupe hata hiyo mbovu mno, lakini. Mara nyingi sumu imeingia kwa kukaa ghalani miaka arobaini, nayo hutibika. Nitalieleza hilo mbele.

Hatua ya pili: kulehemu bila kuupasua mfuniko

IN-12 ina pini ngumu na soketi zake, kwa hiyo lehemu soketi na uiache taa nje hadi bodi ipoe. IN-14, aina nyingine ya taa hizi, ina nyaya ndefu laini zinazotoka moja kwa moja kwenye kioo, na hapo ndipo taa nyingi hufa siku ya kwanza. Kioo na waya hukutana kwa mshikamano mwembamba usiopenda joto la ghafla wala kupindwa. Shika waya kwa koleo jembamba kati ya kioo na mahali unapolehemu, ili koleo linywe joto. Ukitaka kuupinda, pinda mbele ya koleo, isiwe kwenye kioo. Nyaya za zamani huwa na kutu ya kijivu isiyoshika risasi, basi ikwangue taratibu kwa msasa laini kwanza. Ukilazimisha kwa kuongeza joto, utasikia mlio mdogo kama wa ukucha kwenye glasi. Hewa ikiingia, taa hiyo haina dawa: mwanga wake hugeuka zambarau iliyopauka, kisha haushiki tena.

Hatua ya tatu: pata mkondo sahihi, na uupime

Hii ndiyo hatua inayoamua umri kuliko nyingine zote. Mkondo ukizidi, kuliwa kwa metali huongezeka kwa kasi kuliko mkondo wenyewe, yaani ukiuzidisha mara mbili hasara ni zaidi ya mara mbili. Ukipungua mno, mwanga hauitoshi namba nzima: ncha za 8 hubaki giza, na zile sehemu zisizowaka huanza kushika utando. Tunatafuta kiwango cha chini kabisa ambacho bado kinaifunika namba nzima.

Karatasi za kiwanda huipa IN-12 miliampea 2.5 hadi 3.5, na IN-14 miliampea 2.5 hadi 4.5. Anza chini. Hesabu ya rizista ya anodi, ile inayokaa kati ya chanzo cha volti kubwa na taa ili kudhibiti mkondo, ni nyepesi: toa volti za kujidumisha kwenye volti za chanzo, kisha gawa kwa mkondo. Chanzo kikiwa volti 180 na taa ikajidumisha kwa 140, zinabaki 40. Ukitaka miliampea 2.5, 40 gawa kwa 0.0025 ni 16,000, yaani 16k.

Tazama sasa udhaifu wa hesabu hiyo. Chanzo kikipanda hadi volti 190, rizista inapata 50 na mkondo unafika miliampea 3.1. Kikishuka hadi 170, unapata 1.9 na namba zinaanza kukatika. Badiliko la volti kumi tu limeyumbisha kila kitu. Ukiwa na chanzo cha volti 200 na rizista ya 24k, badiliko lilelile linakupeleka kati ya 2.1 na 2.9. Napendelea mpangilio huu wa pili pale namba zinapoendeshwa na transista zinazohimili volti 300 kama MPSA42. Kwa chipu za jamii ya 74141, zinazochagua namba ipi iwake, au ndugu yake wa Kisovieti K155ID1, baki volti 170 hadi 180, maana ukizidisha, namba zilizozimwa huanza kuonekana kama vivuli nyuma ya ile inayowaka.

Kupima ni rahisi, na hakuna haja ya kukata waya wowote. Bana mita kwenye ncha mbili za rizista ya anodi, washa, soma volti. Rizista ikiwa 22k na mita ikasema 55, mkondo ni 55 gawa kwa 22,000, yaani miliampea 2.5. Fanya hivyo kwa kila taa, sio moja tu, kwa kuwa taa mbili zilizozaliwa mwezi mmoja hazifanani.

Kisha tumia macho. Washa 8 na uisogelee hadi pua ikaribie kioo. Fuata mwanga kuanzia juu, zunguka matumbo yote mawili, angalia hasa mahali mistari inapokutana na kwenye kona za chini. Utando wa mwanga uwe mfululizo. Usiamue kwa kuitazama 1, kwa sababu 1 ina eneo dogo na mkondo wowote huitosha. Ukiona mwanga wa buluu umeanza kutambaa hadi kwenye nyaya za chini zinazoshikilia namba, umezidisha.

Jambo la kuwasha taa kwa zamu nalo ni la hapa hapa. Wengi huokoa chipu kwa kuziwasha taa sita moja baada ya nyingine kwa kasi ambayo jicho haling'amui. Kila taa inawaka sehemu moja ya sita ya muda, kwa hiyo ili isionekane hafifu inabidi ipigwe mkondo mkubwa kila zamu yake ikifika. Kwa yale niliyosema kuhusu metali na mkondo, utaona kwa nini siupendi mtindo huo. Ukiweza, kila taa iwe na chipu yake. Ukishindwa, gawa mbili mbili ili kila moja iwake nusu ya muda.

Hatua ya nne: zima pasipo na mtu

Mwaka una saa 8,760. Karatasi ikikuahidi saa 5,000, ambayo ni ahadi ya kiwango cha chini na taa nyingi huipita mbali, saa isiyozimwa itaimaliza ahadi hiyo kwa siku 208. Ukiwa nayo sebuleni na ikawaka kwa saa sita tu kwa siku, pale watu wanapokuwepo, ahadi ileile inakwenda siku 833.

Kuzima na kuwasha hakuziumizi taa hizi kama kunavyoiumiza balbu, kwa vile hakuna uzi unaopashwa na kupoa. Basi tumia sensa ya mwendo bila wasiwasi. HC-SR501 ni ya bei nafuu na ina skrubu ya kuweka muda, nami huiweka dakika tano. Anayeingia chumbani huikuta saa ikifumbua macho. Kama hutaki sensa, andika kwenye programu izime kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na tayari umeokoa robo ya siku.

Zima kwa njia ipi? Chipu ya 74141 ukiipa namba kuanzia 10 hadi 15 huzima katodi zote. Inatosha kwa kuficha taa moja. Kwa usiku mzima, ni bora kuzima chanzo chenyewe cha volti kubwa. Moduli nyingi zina pini ya kufanya hivyo, nayo huipumzisha pia koili na kapasita, ambazo katika joto la pwani huchoka upesi kuliko taa zenyewe.

Ukitaka mwanga hafifu usiku badala ya giza, usipunguze mkondo. Nimeshaeleza kinachotokea mkondo ukipungua. Washa na uzime kwa kasi, mara 100 hadi 200 kwa sekunde, ukipunguza muda wa kuwaka na kuacha mkondo ule ule. Usishuke chini ya asilimia 10 hivi, kwa sababu gesi huhitaji kitambo kidogo kushika, na ukimnyima itaanza kupepesa.

Hatua ya tano: wape kazi waliolala

Sasa turudi kwa ile 3 yangu. Dawa ya kinga ni kuwasha namba zisizotumika kila siku kwa muda wa maana. Neno "muda wa maana" linahitaji hesabu, maana saa nyingi zina pambo la namba zinazozunguka mbio kama mashine ya kamari, na mwenye saa hudhani hiyo ni kinga tosha. Tuseme mzunguko huo huipa kila namba sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ukiufanya mara moja kwa saa, kila namba hupata sekunde 2.4 kwa siku, ambayo ni mapambo. Ukiufanya kila dakika, siku nzima hupata sekunde 144, karibu dakika mbili na nusu. Hiyo ni kazi, ila inachosha macho ya wenye nyumba.

Mimi nimechagua zoezi la usiku. Saa tisa usiku, wakati hakuna anayetazama, programu inawasha chanzo na kuipa kila taa orodha yake ya namba zilizolala tu. Taa ya makumi ya saa inapitia 3 hadi 9, dakika mbili mbili, jumla dakika 14. Makumi ya dakika na ya sekunde zinapitia 6 hadi 9, dakika nane. Taa za mamoja haziguswi, zishafanya zao mchana. Taa ya mamoja ya saa nayo niliiacha, kwa sababu hata namba yake inayofanya kazi kidogo hupata saa mbili kwa siku. Dakika mbili si kipimo cha maabara, ni kiasi nilichokizoea na kwenye saa zangu kimetosha. Cha msingi ni kutozunguka namba zote kumi bila kufikiri: ukiizungusha 0 ya makumi ya saa unaila bure.

Kama umeipanga saa yako ionyeshe saa za Kiswahili, na nakuhimiza ufanye hivyo, kwani ni kutoa sita tu kwenye programu na saa moja asubuhi inasomeka 1 badala ya 7, hesabu inabadilika. Kwa mtindo wa saa 12 bila sifuri ya mbele, taa ya makumi ya saa huwaka saa kumi, kumi na moja na kumi na mbili tu, mchana na usiku, jumla saa sita kwa siku, na huwaka 1 peke yake. Taa hiyo itaishi miaka na miaka, lakini namba zake tisa zote zimelala. Zoezi lake liwe la 0 na 2 hadi 9, dakika 18.

Njia nyingine ya kugawa kazi, kwa wenye soketi, ni kuzihamisha taa. Kila mwaka mpya ninaizungusha ya makumi ya saa kwenda mamoja ya sekunde, na nyingine kufuata. Kwa IN-14 zilizolehemiwa, hamna budi kutegemea programu.

Hatua ya sita: kuifufua namba iliyokwisha kuugua

Namba yenye sumu hukwanguliwa kwa kuwashwa yenyewe peke yake, muda mrefu, na mkondo wa juu kuliko kawaida. Ni tiba kali, kwa hiyo ipandishe kidogo kidogo.

Toa taa uiweke kwenye kibao cha majaribio. Siku ya kwanza iwashe namba mbovu kwa mkondo wake wa kawaida, saa kadhaa, na uangalie mpaka wa giza. Mara nyingi, hasa kwa taa zilizolala ghalani, mpaka huo husogea wenyewe. Usiposogea, panda hadi kiwango cha juu cha karatasi, mfano miliampea 4.5 kwa IN-14, na uiache mchana kutwa huku ukipita kuitazama. Ikikataa bado, panda hadi miliampea 6 au 7, lakini hapo usiondoke: dakika 20 kuwaka, dakika 10 kupoa, na ushike kioo kwa vidole kila mara baada ya kuzima. Kikiwa cha moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, punguza.

Ile 3 yangu ilinichukua siku nne. Siku mbili za kwanza hapakuwa na kitu. Siku ya tatu jioni niliona doa moja la chungwa, dogo kama kichwa cha pini, katikati ya tumbo la chini lililokuwa giza. Nilivuta kiti nikaketi. Doa likawa mstari, mstari ukaanza kutambaa kulia na kushoto ukipepesa, ukirudi nyuma kidogo na kusonga tena, na kabla ya saa nne usiku ulikuwa umebakiza ncha tu. Kesho yake asubuhi ncha nayo ikashika.

Namba ikishafunikwa nzima, shusha mkondo hadi kawaida na uhakikishe inabaki nzima. Kisha ziwashe namba zingine tisa kwa dakika kumi kila moja, kwa sababu uchafu ulioukwangua haukwenda mbali, umewatulia majirani. Ndiyo maana tiba hii haifai kurudiwa kila mwezi. Taa inayougua tena haraka inakuambia zoezi lako la usiku halitoshi.

Yapo yasiyotibika. Kioo kilichokuwa cheusi hakirudi. Namba iliyokatika waya wake ndani haitawaka kwa mkondo wowote. Namba mbili zinazowaka pamoja hata ukiwasha moja kwenye kibao cha majaribio zimegusana, ingawa mguso mwepesi mara nyingine huachia ukiigonga taa polepole kwa kidole.

Hatua ya saba: vumbi, chumvi na umeme wetu

Volti kubwa huvuta vumbi. Baada ya mwaka utakuta bodi ya volti kubwa imevaa manyoya ya kijivu kuliko bodi ya pili iliyo kando yake. Kwa wanaoishi pwani, vumbi hilo hunywa unyevu wa chumvi na kuanza kupitisha mkondo mahali pasipotakiwa, na dalili yake ni vivuli vya namba zilizozimwa hasa asubuhi za masika. Zima, subiri, pima kapasita, kisha safisha kwa brashi laini na spiriti, uache ikauke kabisa. Pini za IN-12 zitoe na kuzirudisha mara mbili tatu kwenye soketi zake ili zijisugue.

Adapta iwe ya volti 12 iliyotulia, na pini ya kuingilia uiwekee fyuzi na kidhibiti cha volti za ghafla. Umeme unaporudi baada ya kukatika, ndipo chanzo cha bei rahisi huruka juu kwa muda mfupi, na kwa hesabu ya rizista tuliyoifanya unajua kuruka huko kunazifanyia nini taa.

Taa ikianguka na kuvunjika, kumbuka huenda ina zebaki. Ni kidogo sana, lakini fungua madirisha, watoe watoto, okota vipande kwa utepe wa kunata na uvitie kwenye chupa yenye kifuniko. Usipige ufagio.

Daftari la mara moja kwa mwaka

Lile daftari la hatua ya kwanza usilifunge. Chagua siku moja kwa mwaka, pima tena volti za kila rizista ya anodi, na washa namba zote kumi za kila taa huku ukitazama kwa karibu. Ukiona volti za rizista zimeshuka kuliko mwaka uliopita ilhali chanzo ni kilekile, taa hiyo inahitaji volti nyingi zaidi kujidumisha, nayo ni ya kwanza kuhamishiwa nafasi yenye kazi nyepesi. Taa zangu sita bado ziko mezani. Ya makumi ya saa ina alama ya utepe yenye herufi D, na kwenye ukurasa wake, mstari wa 3, nimeandika: nzima.